Spika Mbili za Kumrejea Mwantumu

Jumatatu, 12 Agosti 1974. Chanika, Handeni.

Shangazi Hajira kaja asubuhi, kabla sijafunga mzigo wangu wa sindano na viberiti kwenye pikipiki. Hakukubali hata kiti. Kasema eda ya Mwantumu, mtoto wa kaka yake, inaisha Ijumaa hii jua likizama. Baada ya hapo si mke wangu tena. Kasema pia, huku anatazama pembeni, kwamba huko kwao Kwashemshi Mwantumu kila jioni anauliza kama kuna mgeni ametoka Handeni. Moyo umenipasuka!

Talaka moja tu nilimpa, tena kwa hasira, siku alipogundua nimeuza cherehani yake ninunue spika ya kufunga kwenye pikipiki. Bila spika nani angetoka ndani kuja kununua sindano? Hakunielewa. Nikatamka talaka uani, mbele ya jirani yetu Semboja, na mtaa mzima ukasikia.

Nimekwenda kwa shehe. Kaniambia nitamke pale pale barazani kwamba nimemrejea, mashahidi wawili wapo, mambo yaishe. Nimekataa. Nilimwacha kwa sauti, nitamrejea kwa sauti kubwa zaidi. Milima yote isikie! Nirudi kimyakimya kama mwizi wa kuku?

Jumanne, 13 Agosti.

Nimeijaribu spika. Sauti imetoka kama mbuzi aliyekabwa. Semboja, ambaye ana kiredio tu cha kuning'iniza kwenye baiskeli, kacheka mpaka kakaa chini. Kasema mke haitwi kama mkutano wa kijiji. Wivu huo! Kesho Korogwe, kwa fundi Yordani.

Jumatano, 14 Agosti. Korogwe.

Yordani kafungua spika, kakuta vumbi na mende wawili. Shauri lake: spika ya pili, amplifaya, na betri ya lori. Malipo nimemwachia koti langu la harusi. Wakati wa kulikunja nikakuta mfukoni ua la asumini lililokauka. Mwantumu ndiye aliyelitia, siku ile. Nimelia kidogo nyuma ya karakana. Kisha nikarudi ndani kuuliza kama hakuna spika kubwa kuliko ile.

Alhamisi, 15 Agosti. Korogwe.

Betri inachajiwa. Siku nzima niko kwenye benchi. Yordani kasema Kwashemshi si mbali, niende tu nikaseme neno langu, spika nitazikuta. Nimemwambia fundi ashughulike na nyaya. Ya ndoa aniachie mwenyewe.

Nimetumia muda vizuri. Nimeandika hotuba, kurasa nne. Jina la Mwantumu na neno la kumrejea nimeyaweka mwisho kabisa, yawe na uzito.

Ijumaa, 16 Agosti. Kwashemshi.

Nimesali Ijumaa, nikaondoka. Betri ile ni nzito! Mlimani pikipiki imegoma kunibeba, nimeisukuma mimi. Alasiri imekwisha ndiyo nafika chini ya nyumba za wakwe. Nikawasha. Subhanallah, sauti! Kama mkuu wa wilaya! Nikaanza kama wanavyoanza wakubwa: Ndugu wananchi!

Kumbe huku juma zima wanangoja operesheni ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Mama mmoja akapiga yowe kwa Kishambaa kwamba serikali imefika. Watu wakabeba vyungu, magodoro, watoto, mbuzi, wakazama migombani. Nikaongeza sauti ili niwatulize. Wakakimbia zaidi.

Kwa baba mkwe, Mzee Hiza, nimekuta maharage yanachemka jikoni na bibi yake Mwantumu peke yake mlangoni. Bibi hasikii. Nikampa shikamoo kwa spika zote mbili. Akaniangalia kwa huruma, akanipa ndizi. Nikaendelea na hotuba, maana hata aliyejificha ana masikio. Nilikuwa ukurasa wa tatu betri ilipokufa.

Nikaita kwa mdomo mtupu. Mwantumu! Nimekurejea, mke wangu! Hakutoka mtu. Ndipo nilipotazama juu. Jua lilikuwa limeshazama.

Jumapili, 18 Agosti. Chanika.

Shangazi Hajira kaja tena. Safari hii kakaa.

Kasema Mwantumu aliitambua sauti yangu tangu neno la kwanza. Aliwaambia wenzake warudi, ni Isihaka tu. Hawakumsadiki. Yeye akabaki migombani, hatua ishirini toka nyumbani, akajifunga kanga yake vizuri. Mzee Hiza alimwambia asitoke mpaka aitwe, mwanamke aliyeachwa hajipeleki. Basi akangoja aitwe. Akasikia salamu za Chanika. Akasikia habari za pikipiki yangu, na shukrani kwa fundi. Adhana ya magharibi ikamkuta pale pale, amesimama. Nilipoita kwa mdomo mtupu alinisikia vizuri sana, kasema Hajira. Kila neno. Akalia, akaingia ndani kwa mlango wa uani.

Shangazi kaniwekea uji, umepoa mbele yangu. Nimelala chali nikasikiliza nyumba, haina hata mlio wa sufuria. Ee Mwantumu wangu, hatua ishirini!

Shehe kasema sasa ni posa upya, mahari upya, na yeye mwenyewe aridhie.

Nimefikiri mpaka alasiri kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Betri! Betri moja haitoshi spika mbili, mtoto mdogo anajua. Nimemwandikia Yordani: betri mbili, spika nne. Hotuba ya posa nimeshaianza. Ukurasa wa kwanza wote ni salamu.