Foleni ya 1988 Yafika Al-Hamra

Ijumaa, 7 Oktoba 2016

Siku njema kupita kiasi! Wana-Nasimbwa wote wa Jeddah, watu wa wadi moja ya nyumbani, tumekutana mtaa wa Ghulail, chumbani kwa Lois, yule mama wa chapati. Mwenyekiti wetu Elijah ametangaza kwamba Ijumaa ijayo tutachagua mmoja wetu arudi nyumbani kugombea uwakilishi wa wadi, Agosti mwakani. Atakayepita hapa amepita kote. Kila boma la Nasimbwa lina mtu Uarabuni, na mtu wa Uarabuni akisema, nyumbani wanasikia.

Wagombea wawili. Mimi Ephraim, dereva wa nyumba moja mtaa wa Al-Hamra, mwenye akili na suti. Na Dalmas, mlinzi wa geti la tatu kutoka letu, mwenye kelele. Miaka sita nimekula "yalla, yalla", haraka haraka za watu. Nikirudi nyumbani nataka kuitwa mheshimiwa, sitaki kingine.

Masanduku ya kura hatuna, kwa hivyo tutapiga mlolongo. Kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake, wahesabiwe. Wa kuhesabu ni katibu. Katibu ni mimi! Dalmas hata hakushtuka. Tena nimepewa kazi ya kusoma historia fupi ya uchaguzi wa wadi kabla watu hawajajipanga. Mtaona historia.

Jumamosi, 8 Oktoba

Historia inakwenda vizuri. 1979 na 1983, madiwani wazee, hakuna neno. Halafu 1992, 1997, 2002, 2007, 2013: kila mtu awamu moja, kisha nje. Hakuna hata mmoja aliyechaguliwa mara ya pili! Ajabu. Nimeandika kwamba wadi ina kiu ya kiongozi wa kudumu.

1988 nimeipa sentensi moja: mlolongo ulifanyika kwa amani. Marehemu baba ndiye aliyekuwa karani wa kuhesabu siku hiyo. Sitaki maneno.

Nikaituma kwenye grupu. Dakika kumi hazijaisha, Dalmas akauliza mbele ya watu mbona 1988 ni fupi hivyo. Akasema Selipher wa Riyadh alikuwepo akiwa mtoto, atamwomba atume sauti tuisikize wote. Huyu mtu atanitoa roho!

Jumapili, 9 Oktoba

Bahati! Madam, mwajiri wangu, ana harusi ya binamu Riyadh. Barabarani tangu alfajiri, mgongo umekwisha. Kesho atashinda kwa dada yake. Mimi nitashinda Manfuha, mtaa anaoishi Selipher. Selipher lazima nimwone kabla hajafungua mdomo.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimempata. Selipher alitoroka kwa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, miaka miwili iliyopita, hana ikama, kile kibali cha kuishi, anaishi na wenzake watano nyuma ya duka la fundi cherehani. Nilimbebea maembe na maneno matamu. Maembe alipokea.

Akanieleza bila kuulizwa. Mwaka 1988 alikuwa na miaka kumi, ameshika sketi ya mama yake, Peris, mkiani mwa foleni ya mgombea mmoja, Mwalimu Japheth. Foleni hiyo ilitoka shuleni mpaka mtoni. Ya mpinzani wake, tajiri wa mahindi, ilifika kwenye mlingoti wa bendera ikaisha. Mvua ikanyesha. Baba yangu akatoka na daftari, akapita foleni fupi, akahesabu. Ndefu hakuihesabu. Akamtangaza tajiri wa mahindi kuwa mshindi, akapanda Land Rover ya serikali.

Nikasema zamani ni zamani. Selipher akasema kwao si zamani. Watu wa foleni ile hawakuondoka kwa hiari, walifukuzwa kwa virungu, na tangu hapo kila mmoja wao akifa anarudi kusimama mahali pake. Kila diwani wa Nasimbwa ameiona foleni hiyo mlangoni kwake, mchana kweupe. Wanaomba kuhesabiwa tu. Madiwani wote walijifanya hawaoni.

Nikacheka. Peke yangu. Selipher alikuwa analia. Mama yake alifariki Agosti, na yeye bila karatasi hakuweza kwenda kuzika. Akanishika mkono akaniomba: nikiiona foleni, nihesabu mpaka mwisho, maana mama yuko mkiani. Nikamwahidi, kwa sharti asimtumie Dalmas sauti. Akakubali. Mimi huyu! Tatizo limeisha kwa maembe manne.

Jumanne, 11 Oktoba

Tumerudi. Saa nane mchana, jua kali, nikaona watu wamepanga mstari kando ya lami, mahali pasipo na nyumba wala kituo. Makoti mazito, vitambaa vya kichwa, kila mmoja mkono begani kwa aliye mbele. Nguo zilikuwa zinachuruzika maji. Nikamwuliza madam kama amewaona wale watu. Akasema mafi watu, hakuna watu, angalia barabara.

Nimefika na gari lina tope jeusi magurudumuni. Tope la kwetu, hilo linalonata. Ilinibidi kulikwangua kwa kijiko.

Jumatano, 12 Oktoba

Mchana nyumba nzima imelala, mtaa kimya kabisa. Wale wa barabarani wapo. Foleni imeanzia getini kwetu, imepinda kona ya msikiti, sioni mwisho. Niliwapigia honi. Hawakugeuka hata mmoja. Mlinzi wetu alikuwa amekaa katikati yao anakula tende, anauliza nampigia nani honi.

Metrine, yaya wetu kutoka Kakamega, ndiye aliyewaona. Akanigombeza ati nawaacha wageni juani, kwetu watu hawafanyiwi hivyo. Akawapelekea chai, vikombe sita. Vilirudi vimejaa, baridi, na ndani si chai tena. Maji ya mvua, na jani moja la mkaratusi. Metrine amejifungia jikoni anaimba nyimbo za kanisa. Mimi nimepiga pasi suti.

Ijumaa, 14 Oktoba

Wacha niandike haraka, nina hasira.

Nilisoma historia. 1988 niliipita mbio. Watu wakajipanga kwenye kichochoro nje ya kwa Lois. Kwa Dalmas, kumi na saba. Kwangu, sita, na mmoja wao ni Morgan ambaye alikuwa anasubiri chapati. Nikatulia. Nikatoa daftari. Nikapita foleni yangu kwanza, nikahesabu sita kwa sauti. Nikapita ya Dalmas, nikasema wasio na ikama hawahesabiki, kwa sababu ya utaratibu. Wakabaki wanne. Nikajitangaza!

Kelele zilizofuata sitaziandika. Lois alinirushia mwiko. Elijah akasema hajaona aibu kama hii tangu utoto wake Nasimbwa, akahesabu upya mwenyewe, Dalmas kumi na saba, halas, imekwisha. Katikati ya vurugu hizo Morgan akaniuliza ni nani aliyesimama nyuma yake, mbona mkono wake ni wa baridi hivyo. Shati lake lilikuwa limelowa begani, alama ya vidole vitano. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Yaani wa kuonekana na yeye. Mimi niliwaona mpaka mwisho wa kichochoro.

Jumamosi, 15 Oktoba

Leo wameingia ndani. Wa kwanza alisimama mlangoni pa chumba changu, mzee wa tai, chaki kwenye mkono wa koti. Mwalimu Japheth, bila shaka. Akasema neno moja: hesabu.

Niliogopa, sikatai. Nikachukua daftari nikatoka, nikahesabu mmoja mmoja, kuzunguka msikiti, kupita geti la Dalmas, mpaka baharini. Kila niliyemhesabu alishusha pumzi, na maji yakaacha kuchuruzika. Wa mwisho alikuwa mama mfupi mwenye sketi ya maua, upande mmoja imevutika kama iliyoshikwa na mtoto. Hapo nililia kidogo.

Nikarudi kwa mzee. Akaniambia sasa iandike idadi na uweke jina lako, twende tukapumzike. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Halafu akili ikanirudia. Idadi ile, imeandikwa, ina jina la mtoto wa karani! Dalmas angeirusha kwenye grupu kabla ya Maghrib, nami nimekwisha. Siiandiki, hata humu. Nikamwambia mwalimu warudi kesho, leo ofisi imefungwa. Akageuka, wakashikana mabega, maji yakaanza upya.

Sasa hivi nawaona dirishani na nimetulia kabisa. Dalmas ana watu kumi na saba, wanaotaka chai na nauli. Mimi nina foleni mpaka baharini, haili, haichoki, haiendi popote. Nyumbani wafu hupiga kura kila uchaguzi. Tofauti ni kwamba wangu nimewaona kwa macho. Wadi ni kitu kidogo kwa mtu kama mimi. Nagombea ubunge!

Selipher amepiga simu mara tatu kuuliza kama mama amehesabiwa. Nimemwandikia kwamba mama yuko salama, na yuko upande wetu.