Kioo Changu na Kioo cha Penka

Kwa Bwana Mkuu wa Matangazo,
Kampuni ya Simu za Vidra, Sofia.

Bwana, pokea salamu kutoka Ruse. Mimi ni Stoyanka Gencheva, fundi cherehani kwa miaka thelathini na nane. Naandika kwa heshima, ingawa nimekasirika.

Mwezi uliopita, kwenye bango lenu mbele ya stesheni, nilisoma: "Kioo kikubwa kuliko cha jirani yako." Jirani yangu ni Penka, shoga yangu tangu ujana, na simu yake ni ya wapinzani wenu. Nikanunua yenu siku hiyohiyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumapili, tukinywa kahawa, niliitoa mbele ya wanawake sita. Penka akasema, "Lete tepu, Stoyanka, tusibishane." Tukapima upana. Cha Penka kilinizidi milimita tatu. Alicheka hadi kahawa ikamtoka puani.

2. Nilipowapigia, binti wenu wa huduma alinieleza, "Mama, kioo hupimwa mshazari, kona hadi kona." Bwana, nikimpima bwana harusi hivyo, kutoka bega la kushoto hadi kisigino cha kulia, ataingia kanisani na suruali gani?

3. Tangu siku hiyo Penka habishi hodi kwangu, nami simsalimu. Supu nainywa peke yangu. Hilo bangoni hamkuliandika.

Kwa hiyo naomba mnipanulie simu yangu kwa milimita nne. Mkishindwa, kubalianeni na wapinzani wenu waipunguze ya Penka. Na hilo likiwashinda, bango lisomeke: "Kikubwa kuliko cha jirani yako, isipokuwa Penka."

Nisalimieni wote hapo ofisini, hasa yule binti, aliyenivumilia dakika arobaini nzima.

Ni mimi, mteja wenu mwenye uchungu,
Stoyanka Gencheva

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Penka amekuja na chupa ya rojo la pilipili hoho, anataka yaishe. Ameishika simu yangu, akaigeuzageuza, akasema, "We mwanamke, hili kava umelishona mwenyewe? Mshono umemeza kioo huku na huku!" Tumeufumua, tumepima upya. Changu kinazidi kwa milimita moja. Barua hii ichaneni. Penka yuko mezani kwangu, anawaandikia wapinzani wenu kwa hasira, nami namsaidia kupanga hoja.