Nilivyoondoka Dukani kwa Mangi ili Aniite

Wadau, leo Kariakoo imenivua nguo mchana kweupe. (Sio nguo za mwilini, tulieni.) Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa Rehema, mwenzangu wa chumbani, maana akisimulia yeye nitakuwa nimekimbizwa mpaka Jangwani.

Niko mwaka wa mwisho. Ripoti yangu ya utafiti nilikuwa naichapa kwenye intaneti kafe za Posta. Wiki iliyopita flash ikaingia virusi, kurasa zote zikaenda na maji. Nililia. Nikaapa boom, ile hela ya mkopo wa chuo, likitoka sili kuku, sinunui kiatu, nanunua laptop hata kama imetumika. Boom likatoka. Laki nne nikazifunga kwenye kitambaa, nikaziweka mahali ambapo mwizi akifika tutakuwa tumeshafahamiana sana.

Rehema kazaliwa Msimbazi, bei anazijua. Akanipa somo. "Ukitajiwa bei, sikitika. Halafu ondoka. Wakikuita usigeuke. Kila wakikuita bei inashuka. Ukigeuka tu, umeliwa."

Maduka ya mwanzo sikuyaelewa. Ukiuliza betri inakaa muda gani unaambiwa "mpaka utachoka wewe." Nikaangukia kwa Mangi mmoja, Mchaga mwenye duka, mtu mzima, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Unataka kuifanyia nini?"

Siku nzima hakuna aliyeniuliza hilo. Nikamwambia, kuandika ripoti. (Na miziki kidogo.) Akaniondoa kwenye ile inayong'aa niliyokuwa naikodolea macho. "Hiyo ya watu wa video, itakula hela yako bure." Akanitolea nyeusi, ina mkwaruzo mgongoni, akaiwasha bila umeme, akaniambia niandike chochote. Nikaandika jina langu mpaka skrini ikajaa. Jamani, nikaipenda. Na mzee mwenyewe nikampenda. Duka limejaa watu, bado ananielekeza taratibu kama mwanawe.

"Itaingia kwenye begi langu hili?"

"Jaribu."

Nikaitumbukiza, nikafunga zipu, nikavaa begi mgongoni. Nyepesi. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati, nikajiona msomi kabisa.

"Bei gani mzee?"

"Laki nne. Maongezi yapo."

Nikasikitika kama nilivyofundishwa. "Laki tatu na nusu."

"Haifiki hapo, binti."

"Basi mzee, biashara njema." Nikatoka.

Nilitoka kwa madaha, wadau. Sijamaliza duka la jirani nikasikia, "Binti!" Moyo ukaruka. Rehema, wewe ni bingwa. Sikugeuka. "Binti, hebu simama!" Nikakadiria imeshuka elfu kumi. Nikaongeza mwendo. "Wewe binti, rudi!" Kumi nyingine hiyo. Nikapaza sauti bila kugeuka: "Laki tatu na nusu, mzee, siongezi hata mia!"

Nikasikia viatu vinakimbia. Nikajisemea, huyu mzee leo hajauza kabisa, nikifika kona atanipa bure. Muuza mabegi mmoja akaniziba njia.

"Dada, begini una nini?"

"Laptop," nikamjibu kwa maringo. Neno likatoka, na mimi ndo kwanza nikalisikia. Laptop ya nani?

Watu wameshajaa. Mmoja kasema mwizi, mwingine kashaokota ubao. Na Kariakoo hawasubiri ushahidi. Nikamuwaza mama anapigiwa simu aje kunitambua, na sababu anayoambiwa ni wizi.

Mangi akafika anahema, kashika kiuno. Angesema neno moja tu, leo msingesoma hiki. Akawapitia wale watu, akanishika mkono.

"Mwacheni. Mteja wangu huyu, tunaongea bei."

"Mnaongea bei huku mnakimbizana?" akauliza muuza mabegi.

"Ndiyo. Mgumu sana huyu."

Watu wakaangua kicheko, ubao ukatupwa, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Mtu umekimbia na mali yake, iko mgongoni kwako, na bado anakukinga kwa mkono wake. Waungwana bado wapo mjini hapa, nimewaona.

Dukani akanipa kiti na maji. Nikalia. Akaningoja nimalize.

"Haya aisee, tulifika wapi? Ulisema laki tatu na nusu."

"Hapana mzee, laki nne. Laki nne ni bei nzuri kabisa."

"Ongeza kidogo tu kwenye yako. Tatu na themanini."

"Mzee, nne."

Akavua miwani. "Binti, mimi niko hapa tangu foleni za sukari za miaka ya themanini zilipoisha. Sijawahi kushindana na mteja anayepandisha."

Akageukia ukutani ili nifungue kile kitambaa changu kwa heshima. Nikampa laki nne zote. Akahesabu, akanirudishia elfu ishirini, nilipokataa akaifungia kwenye begi mwenyewe. "Ya soda. Umekimbia sana."

Nimerudi Upanga kwa miguu, begi nimelikumbatia kifuani, na risiti nimeinyanyua juu mkononi njia nzima, watu wote waione. Msinicheke.