Viboko Ninaowaita kwa Majina

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekwisha! Mwalimu Najma, wa shule ya hapa Maisaka, amepiga simu. Amenunua kitabu chetu cha kiboko: hadithi yangu, picha za mke wangu Rogathe. Amesoma na jalada la nyuma, nililoliandika mwenyewe: "Mwandishi Kornel amekua na viboko wa Ziwa Babati na huwaita kwa majina." Anataka Alhamisi niwaite mbele ya darasa la tatu.

Mimi! Ninayehama njia nikiona mbuzi!

Rogathe akadakia kwamba nitakwenda. Anaamini. Ndivyo nilivyomwambia wakati namchumbia, miaka tisa sasa. Yeye hachori mnyama asiyemwona kwa macho yake. Ziwani huenda peke yake, mimi huwa naumwa mgongo. Akijua nilimdanganya, atabaki kweli?

Jumanne, 9 Septemba

Mpango: malaria. Nimetetemeka vizuri sana, maana nusu ilikuwa kweli. Kipimo kikasema sina. Rogathe akasema huenda imejificha, akanichemshia mwarobaini, bakuli zima. Uchungu gani ule! Kufika saa kumi nikatangaza nimepona.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango wa pili, huu wa akili. Nimemwamkia Mzee Romanus, mvuvi, nikamuuliza ni wapi kiboko hakanyagi kabisa. Akanionyesha upande wa matete, karibu na mashamba. Akauliza kwa nini. Nikasema utafiti. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

Basi nitaita, hakitatokea kitu, nitasema leo wana haya. Jioni nimekula ugali, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Alhamisi, 11 Septemba

Watoto walisimama mbali, juu ya tuta, na mwalimu wao. Rogathe na daftari lake la kuchorea. Nikaita, "Zawadi!" Kimya. Nikapata kiburi. Nikaita tena, kwa sauti ya baba mwenye nyumba. Matete yakatikisika. Kitu kikapumua: pfuuu!

Mama yangu! Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka niko juu ya mpera, kandambili moja, nawaombea watoto kwa sauti. Watoto hawakusogea hata hatua. Walikuwa wanacheka.

Alikuwa ndama wa ng'ombe. Hata pembe hana.

Rogathe hakucheka. Alikuwa anachora. Njia nzima hakusema neno, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Ijumaa, 12 Septemba

Amesema. Anajua tangu siku ya barua ya posa, bata mzinga wa mama yake aliponipandisha juu ya meza. Miaka tisa anajua! Alisema nilishuka nikitetemeka vile vile, nikaendelea kumposa, naye akaona huyo anamtosha. Nimelia, sikatai.

Ameshachora kitabu kipya: mwandishi mwoga na ndama. Ombi lake ni moja tu: jalada la nyuma liseme kweli. Nimeapa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepeleka jalada kwa mchapaji. Nimesema kweli, ila nimeirekebisha kidogo: "Mwandishi, aliyewahi kumfukuza simba kwa fimbo, hapa amejifanya mwoga ili watoto wacheke." Nani atauliza?

Saa nane. Mwalimu Najma amepita kwa mchapaji, akalisoma. Darasa la tatu linakwenda Tarangire, mbugani kwenye simba, mwezi ujao. Anaomba nije na ile fimbo.

Nimeanza kuhisi homa. Rogathe yuko nje, nasikia anachuma mwarobaini.