Lita za Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba
Leo nimekuwa mhandisi! Nimefunga kifaa kwenye bomba la uani. Ndani kuna gurudumu dogo. Maji yakipita linazunguka, kila mzunguko unatuma mpigo kwenye simu yangu, na simu inageuza mipigo kuwa lita. Pipa letu hukauka kabla ya zamu ya maji na sijui nani analimaliza. Sasa nitajua! Beata, mke wangu, kasema bora ningetengeneza mlango wa choo. Hana maono.

Jumanne, 7 Oktoba
Leo si zamu ya maji mtaani kwetu Mjimwema. Asubuhi niliacha bomba wazi, ndoo chini yake, kama majirani wote, ili maji yakirudi yatukute tayari. Mimi na Beata tukaenda kazini. Nyumbani akabaki mama mkwe, mgeni wetu. Mchana simu ikalia: lita mia tatu! Nikarudi mbio. Ndoo kavu. Pipa kavu. Nikatoa shikamoo, nikamwonyesha simu. Akasema bomba halijatoa hata tone, akauliza hayo maji kayaficha wapi, kwenye kitenge? Nikamjibu mashine haina sababu ya kusema uongo. Mdomo wangu huu, jamani! Kumjibu hivyo mama mkwe! Akaanza kukunja nguo zake.

Jumatano, 8 Oktoba
Wameondoka wote wawili. Wako Ruhuwiko kwa shemeji Valence. Beata kasema anayemwita mama yake mwizi wa maji basi akaoe bomba. Harudi. Nimekula kiporo cha ugali na chumvi. Nimekwisha.

Alhamisi, 9 Oktoba
Bomba bado liko wazi. Leo nimelisikia likikohoa. Maji hakuna, ni hewa tu, fuuu, inasukumwa kwenye mabomba matupu. Na simu inapanda: lita kumi, hamsini, mia! Kumbe gurudumu linazungushwa na upepo. Nimevunja ndoa kwa upepo! Ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya misa nimekwenda Ruhuwiko na mzee Rupert, mshenga wetu, na jogoo mkononi. Nikapiga magoti mbele ya wakwe. Nimelia kweli, si maigizo. Mama mkwe kasema yamekwisha, baba, ila nisimpime tena maishani. Nikaapa. Kesho wanarudi wote wawili. Asante Mungu!

Ila sitaki shaka yoyote ibaki juu ya yule mama. Kwa hiyo jioni hii nimefunga kifaa kingine cha kupima maji kwenye bomba la bafuni, kitakachothibitisha kwamba hana hatia. Kiko nyuma ya pipa, hatakiona. Mlango wa choo utasubiri.