Tanga, Ubao na Bega la Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa ubao wa tanga ameacha kazi. Niueleze, maana shajara hii itasomwa siku moja: ubao mrefu uliosimikwa tanga, unasimama juu yake, upepo unakusukuma ziwani, wageni wa hoteli wanakupigia makofi. Mimi nawapigia pasi mashuka wageni hao hao, mwaka wa sita sasa, chumba hakina dirisha. Leo nimemwambia meneja kwamba nimeupanda tangu utotoni. Mdomo huu! Jumamosi anataka kuniona kwa macho yake. Nikiweza, kwaheri pasi. Nikishindwa, kasema, hata pasi nisiiguse tena.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi kwenye karakana ya kaka, seremala, aliyenilea tangu tulipofiwa na wazazi. Nilisimama juu ya meza yake ya kazi na shuka la hoteli mkononi. Akaniambia nishuke, meza hiyo ndiyo inayolisha watoto wake wanne. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Ziwani asubuhi. Nimeanguka mara thelathini na moja, kisha nikaacha kuhesabu. Tanga likiwa majini ni zito kama godoro lililolowa. Ukilivuta mgongo unalia, likiinuka tu unaangukia upande wa pili. Viganja vimechubuka vibaya. Mpishi alinitazama dirishani akacheka mpaka mchuzi wake ukaungua. Angalau hilo. Baadaye akaja na upole wa kinafiki: eti mwalimu alikuwa akisema upepo ukikuzidi achia tanga, litaanguka, ubao utasimama. Niliangushe mbele ya meneja? Siachii ng'o!

Jumamosi, 8 Machi
Nilisimama! Meneja alipiga makofi. Lakini upepo ulikuwa unatoka nchi kavu, na kugeuka sikujifunza. Hoteli ikawa ndogo kama kiberiti. Nikang'ang'ania. Kaka, aliyekuja kunishangilia, akachukua mtumbwi wa hoteli akapiga makasia kunifuata. Alipofika karibu alinipigia kelele niachie tanga. Meneja alikuwa bado anatazama. Sikuachia. Upepo ukabadilika ghafla, mlingoti ukampiga kaka begani. Niliusikia mfupa.

Boti ya hoteli ilituvuta hadi ufukweni. Kaka hakulia. Nililia mimi. Kazi imekwisha.

Jumatano, 12 Machi
Daktari kasema mkono wa kulia wa kaka hautainuka tena kupita kifua. Randa ndiyo basi. Karakana imefungwa. Shemeji hanisemeshi, sahani yangu anaiacha mlangoni. Roho inaniuma, kweli inaniuma.

Lakini nimefikiri sana, na nimegundua kosa. Ubao ulikuwa mwembamba mno! Nikiwa na mpana, meneja atanirudisha mwenyewe. Na meza ya kaka ni pana, mbao ngumu tupu, sasa hivi haitumiki.

Nimemwomba kitandani kwake. Amegeukia ukutani. Hakusema hapana.

Msumeno wake bado ni mkali.