Pawa Saplai ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Siamini masikio yangu. Bosi ametangaza kwamba kiti cha mkuu wa kitengo cha mtandao kiko wazi, na atakayekikalia ni mimi au Mpole. Mpole! Mtu anayeandika daftarini hata saa aliyokunywa maji. Kipimo chetu ni kazi moja. Swichi, mashine kubwa inayobeba mtandao wa ofisi yetu nzima ya usajili, ina pawa saplai mbili za kuilisha umeme, ili moja ikifa nyingine ibebe. Kila moja ina kihisi cha kupima umeme na joto, ila hakuna aliyewahi kukiwekea tahadhari. Bosi anataka hitilafu ikitokea tu, meseji iingie kwenye simu. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Jioni nikampigia mama mkwe, nikamwambia nimeshapandishwa cheo. Ni suala la siku tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemaliza kuweka tahadhari kabla ya saa nne. Meseji zitakuja kwangu peke yangu. Kitu kikiharibika, Bosi atanikuta nimeshafika, ashangae nimejuaje. Mpole akauliza mbona yeye hayumo kwenye orodha. Nikamwambia orodha imejaa. Na nisije nikapitwa, nimebana viwango: joto likipanda digrii moja, niambiwe.

Saa nane mchana. Meseji mia moja na kumi na mbili! Zote za pawa saplai ya pili. Simu imetetemeka mpaka imejiangusha mezani.

Jumatano, 5 Machi

Mia nne. Sasa zinadai ya pili haina umeme kabisa. Uzushi. Mashine inafanya kazi, si naiona kwa macho yangu? Nimeiamuru swichi iache kufuatilia pawa saplai ya pili. Kimya. Raha iliyoje. Mpole akanishauri nichungulie nyuma ya mashine. Kijicho hicho.

Mke wangu kanipasulia bomu: mama yake anakuja kesho, anataka kuiona ofisi yangu mpya. Ofisi ipi jamani?

Alhamisi, 6 Machi

Sitaki kukumbuka. Naandika hivyohivyo.

Nilipanga onyesho. Nichomoe waya wa pawa saplai ya kwanza mbele ya wote, ya pili ibebe, simu yangu ilie, Bosi anipe cheo palepale mama mkwe akishuhudia. Alikuja amevaa nguo zake za harusini. Nikamwekea kiti mbele. Nikainua simu juu kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikachomoa.

Taa zote za mashine zikazimika. Feni zikanyamaza. Simu nayo kimya. Huko kwenye madirisha ya huduma, watu waliokuja kusajiliwa wakaanza kugonga vioo. Mpole akapiga magoti nyuma ya mashine, akasema pawa saplai ya pili imeungua, pengine tangu jana. Nikajitetea kwamba meseji iko njiani. Akaniuliza inapita wapi kutoka humu. Inapita kwenye swichi. Hiyohiyo niliyoizima!

Mama mkwe akauliza, taratibu kabisa, kama huyo aliyepiga magoti ndiye mkuu. Bosi akamjibu kwamba ndiye, kuanzia sasa hivi.

Ijumaa, 7 Machi

Sijalala vizuri. Aibu inaniwasha mwili mzima. Asubuhi nilimwamkia mama mkwe, aliyelala kwetu, akaniitikia vizuri tu, nikadhani nimesamehewa. Kumbe wakati nafunga kamba za viatu, mama mkwe alikuwa jikoni anamuuliza binti yake kama Mpole ameshaoa. Binti yake ni mke wangu! Wa ndoa!

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu mpya amenipa kazi ya betri ya akiba, ile inayoshika umeme ukikatika. Ameniandikia maagizo ukurasa mzima: nijaribu kwanza, niandike matokeo, nisiguse kitu hadharani. Nimeweka sahihi.

Wikiendi nzima nimetafakari, na kosa nimeliona. Watazamaji walikuwa wachache, na nilichomoa kwa woga, waya mmoja tu. Mkurugenzi mwenyewe nimeshamwandikia barua ya mwaliko, pamoja na mama mkwe. Kesho saa nne, madirisha yakiwa yamejaa watu, nazima umeme wa chumba kizima. Betri sijaijaribu. Haina haja, ina taa nzuri ya kijani.